Asilimia Mia na Tatu

Jumatatu, 9 Juni 1969. Rahaleo, Mtwara

Daftari hili nimelinunua kwa pesa yangu, asije mkaguzi akalidai. Kazini nawaandikia watu wa Dar es Salaam. Humu naandika kwa ajili ya nyongo yangu tu, maana mganga alishaniambia nikiendelea kumeza hasira nitapata vidonda vya tumbo.

Kwa atakayeliokota: mimi ni Felista, Mmakua wa Masasi, msimamizi wa shughuli na fedha wa kampeni ya kutokomeza ndui pwani hii, kuanzia Mtwara mjini hadi mlango wa Ruvuma. Gari likiharibika ni langu, petroli ikiisha ni yangu, posho za wachanjaji zikichelewa ni zangu. Chanjo ikifanikiwa ni ya Bwana Elia, mratibu wetu, mtu wa bara, mpole, suruali zake zina mkunjo wa pasi hata siku ya kusukuma gari. Simchukii. Ananichosha.

Jumatano, 11 Juni

Springi ya nyuma imekatika. Siku nzima gereji.

Alhamisi, 19 Juni. Msimbati

Siku tatu za kuchanja, na leo tumemaliza. Mchanga wa njia ya huku ungemtoa mtu imani. Hassani, dereva wetu ambaye pia ndiye mchanjaji hodari kuliko wote, amekata matawi ya kuweka chini ya magurudumu mpaka mikono ikachubuka. Yeye ni Myao, mtani wangu. Kila tukikwama ananiambia nishuke nisukume, kwa kuwa Wamakua tuliumbwa kwa kazi hiyo. Nikamwambia Wayao waliumbwa baada ya udongo mzuri kwisha.

Familia zilizovuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma kukimbia vita vya Mreno zilikuja kabla hatujashusha meza. Walipanga foleni bila kuambiwa, vibibi mbele, watoto mgongoni. Wenyeji ndio waliokuja kwa kujivuta, na wengine hawakuja kabisa. Nilichokiona zaidi ni kwamba wavulana wa umri wa kutahiriwa hawakuwepo hata mmoja.

"Wapo kumbini," alisema Carlota, mwanamke aliyekuwa akitupikia.

Nilipaswa kujua. Huu ndio msimu wa jando, na kumbi lao wamelijenga msituni, mahali ambapo mwanamke hakanyagi, wala mwanamume ambaye hakupitia jando. Mwana wa pekee wa Carlota, Zeferino, yumo. Carlota ni mjane aliyevuka mto na mtoto huyo mgongoni na sufuria kichwani. Mtoto amekua, na mwaka huu wenyeji wamekubali wavulana wa wageni waingie kumbi moja na wao. Kaka yake, Mateus, ndiye mjomba wa mtoto, ndiye aliyempeleka, na ndiye anayepeleka chakula kila siku, maana mama hasogei.

"Nampikia kama mgeni wa heshima, dada," aliniambia. "Akitoka huko si mtoto tena. Hatakula tena chunguni kwangu."

Nimeandika kwenye mpango: tutarudi katikati ya Julai, vidonda vya wari, ndio hao wavulana wa jando, vikishakauka, Hassani awachanje hukohuko kumbini. Kazi ya nusu siku na madebe mawili ya petroli.

Jumanne, 1 Julai

Takwimu zimekwenda Dar. Posho hazijaja.

Jumatatu, 14 Julai

Leo nisipoandika nitampiga mtu.

Barua imefika. Msimbati, wanasema, imekamilika kwa asilimia mia na tatu, hongera sana, kwa hiyo safari ya marejeo imefutwa na petroli yake ihamishiwe kwenye kifungu cha sherehe. Mia na tatu! Nilisoma mara mbili nikidhani mpiga chapa alisinzia. Katika kila watu mia wa Msimbati sisi tumechanja mia na watatu. Hao watatu wametoka tumboni mwa nani?

Jambo lenyewe halihitaji chuo. Waliohesabiwa kwenye sensa ni wenyeji. Wengi wa waliovuka mto hawamo kwenye hesabu ile, lakini mikono yao tumeichanja, na vizuri tulifanya. Basi wageni wamejaza nafasi ya wale ambao hawakuchanjwa, wakaijaza hadi ikafurika, na kwenye karatasi hakuna anayekosekana. Anayekosekana ni kumbi zima.

Nilimwendea Bwana Elia na barua mkononi.

"Bi Felista, mia ikishapita, kuna kazi gani tena?"

"Kuna wavulana, Bwana Elia."

"Wavulana ni sehemu ya mia."

"Umewachanja wewe?"

Akanyoosha mkunjo wa suruali. Akasema Dar wameona mbali kuliko sisi. Tena, akasema kwa furaha kabisa, Msimbati imechaguliwa kijiji cha mfano, na mwezi wa tisa atakuja mgeni rasmi. Kuna pesa ya ng'ombe, ya turubai na ya kofia za karatasi. Madebe mawili ya petroli ndiyo hayapo. Nchi maskini ina pesa ya kujipongeza kwa kazi ambayo haijaisha, na mimi ndiye ninayetakiwa kuidhinisha kofia.

Jumatatu, 21 Julai

Redioni wanasema watu wamefika mwezini. Mimi sijapata petroli ya kufika Msimbati.

Jumatatu, 28 Julai

Nilikwenda kwa Zainabbai, ambaye duka lake ndilo linalotuuzia petroli na vipuri. Nikamweleza habari ya mia na tatu. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mama, mimi nikifunga duka nikute mia na tatu juu ya mia, silali. Nasema hapa iko makosa, tafuta. Hawa watu yako wanapiga sherehe?"

Zainabbai awe waziri.

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda Msimbati. Kisingizio ni meza mbili tulizoziacha kule mwezi wa sita. Mali ya serikali ifuatwe, nani atakataa? Hassani aliwasha gari tu.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba ya Carlota nilipowaona wanaume watatu wakitoka mashambani, Mateus akiwa mmoja wao, kila mmoja na mzigo wa majani ya mgomba begani. Majani mabichi, makubwa, yale laini ya katikati. Walishika njia ya kumbini.

Mtu anayeezeka hachukui jani la mgomba, na mtu anayefunga mkate wa mhogo hahitaji mzigo mzima. Mimi najua jani hilo ni la nini kwa sababu nimelilalia. Ndui ilinipata nikiwa sijaanza shule. Ngozi ilipoanza kuvuja mkeka ulikuwa unatoka nayo, kwa hiyo bibi yangu alikuwa akinibadilishia majani asubuhi na jioni, akinipuliza mgongoni. Nilikuwa na ndugu yangu pacha kwenye jani la pili. Uso wangu wenye vishimo ndio uliobaki kati ya nyuso zetu mbili.

Nilimuuliza Carlota kama kumbini ni salama.

"Salama. Mateus asingesema?" Alikuwa akikuna nazi ya wali. "Ila wamechelewa kutoka. Na sahani zinarudi tupu kabisa, hawaachi hata punje. Wanakua hao, dada."

Nilichukua meza zangu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepiga simu Dar. Nilisubiri laini hadi mchana, nikapata sauti ya mtu mwenye mafua. Nikasema nina hakika kuna ndui Msimbati. Akaniuliza nimemwona mgonjwa? Nikasema nimeona majani ya mgomba. Akapenga kamasi. Kisha akasema, "Mama, Msimbati ilikwisha," kama vile Msimbati ni sabuni.

Bwana Elia naye: haiwezekani, hakuna aliyetoa taarifa. Nani atoe taarifa? Mambo ya kumbi hayatoki kumbini, hata mauti. Mtoto akifa huko, mama haambiwi hadi siku ya kutoka, anaendelea kupika na kupeleka. Ndivyo ilivyo tangu mababu, na mtoto yeyote wa kusini analijua hilo. Nikamwambia basi njoo wewe, mwanamume, uombe kuingia. Akainamisha macho. Alitahiriwa hospitali, kwa ganzi na bandeji. Kwa watu wa kumbi yeye ni msungo tu, hajafundwa, hana nyimbo. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma kidogo. Ilidumu mpaka aliposema tungoje maelekezo.

Sikungoja. Nimechukua pesa ya ng'ombe.

Jumatano, 6 Agosti. Msimbati

Niandike yote kabla hayajapoa.

Nilimkuta Mateus kwenye shamba la mikorosho akifyeka. Ni mtu mrefu, chale za Kimakonde zimepanga mistari mashavuni. Tangu mwezi wa sita nimemwona kama mtu mkaidi anayemtumia dada yake. Siku zote ana sahani mkononi na neno hana. Nilimwambia bila kuzunguka.

"Mateus, kumbini kuna ndui."

"Wewe mama, wewe mwanamke. Kumbi si pahala pako hata kwa mdomo."

"Sitaki kuingia. Nataka Hassani aingie. Amepita jandoni, kwao na kwenu nyimbo ni ndugu."

"Hakuna ugonjwa."

"Nitazame usoni."

Hakutaka. Nikamzunguka nikasimama mbele yake. "Nitazame! Mimi nililalia jani hilo unalobeba. Nilikuwa na pacha. Bibi yangu angepata mtu mmoja tu wa kumchanja yule mtoto mapema, leo angekuwa mzee mwenzangu. Na wewe una mtu huyo, yuko pale garini anakula karanga."

Alitupa panga chini. Nikadhani ananirukia. Akachuchumaa.

"Sisi hapa wageni, mama," alisema. "Wametupa ardhi. Wametupa kumbi lao, watoto wetu wakae na watoto wao. Ugonjwa umeanzia kwa mtoto wa kwetu. Nikisema, wenyeji watasema ndio hawa, wametuletea mauti toka kwao Mueda. Watatufukuza. Tutakwenda wapi? Kule kuna ndege zinatupa mabomu."

Nilikuwa na matusi tayari mdomoni, nikakosa pa kuyapeleka. Nilikaa chini naye. Nikamwambia ugonjwa hauna kwao. Mgeni na mwenyeji wanalalia jani moja. Akachora chora udongoni kwa kijiti. Kisha akauliza, "Wale wasioumwa bado, sindano inawasaidia?"

"Inawasaidia. Leo zaidi ya kesho."

Alinyanyuka akaenda kuongea na wakubwa wa kumbi. Walirudi jioni na masharti. Mabeberu wawili na doti za kaniki kwa kuvunja mwiko. Na kiapo: Hassani hatasema kwa mwanamke yeyote alichokiona, hadi siku ya kutoka. Nikasema serikali lazima ijue waliougua na waliokufa. Wakabishana kwa Kimakonde. Mwishowe Mateus akasema, "Idadi chukua. Majina acha."

Nililipa. Kaniki nimezitafuta Msimbati nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Hassani aliingia alfajiri na sindano zake za ncha mbili. Alitoka jua limepinda. Hakunitania. Alinawa mikono, akanawa tena.

"Nimechanja wote walio wazima, na wanaowalea," alisema. "Tisa wako kwenye majani. Nadhani wengi wao watapona."

"Na waliokufa?"

"Wanne."

Sikumuuliza majina, kwa kuwa angelazimika kunikatalia.

Katikati ya Julai. Madebe mawili ya petroli.

Tumerudi kwa Carlota kula. Alitusimamia na upawa mkononi.

"Hassani kaingia, eti? Kamwona mwanangu?"

"Kachanja wote waliokuwepo," nikasema.

"Mungu awabariki." Akanipakulia mara ya pili. Sijawahi kula chakula kigumu kama kile.

Jumapili, 10 Agosti

Tunachanja wenyeji ambao mwezi wa sita walijificha. Sasa wanakuja wenyewe. Carlota kapika wali na kunde, Mateus kapeleka.

Ijumaa, 15 Agosti. Rahaleo

Bwana Elia ameuliza ng'ombe yuko wapi. Nimemwambia ng'ombe amekwenda jandoni. Ameandika Dar kunishtaki, kisha akaniomba radhi kwa kuandika. Mtu wa ajabu.

Ijumaa, 22 Agosti. Msimbati

Hakuna mgonjwa mpya tangu wiki iliyopita. Hassani ameingia tena, wote tisa wamebambuka magamba na wanakaa. Ningefurahi kama si sauti ya kinu cha Carlota. Pengine ana mtoto na pengine hana, na jibu nusu nzima ya kijiji inalijua, nusu ya wanaume. Nimejiuliza mara mia kwa nini nisimwambie kwamba kuna wanne. Lakini kumwambia ni kumpa hofu bila jibu, na kuvunja kiapo ni kufunga kumbi zote za pwani hii mbele ya sindano. Hizo ni sababu nzuri, na bado nazichukia.

Kapika samaki wa nazi.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo wametoka.

Ngoma zilianza mapema. Akina mama walisimama uwanjani na nguo mpya. Carlota alikuwa na kanga aliyoiweka tangu mwaka jana. Wari walikuja wamejifunika shuka, vichwa vimenyolewa, wanatembea wameinama kama desturi. Kila mama akamtafuta wake kwa miguu, maana nyuso hazionekani. Vigelegele vikapanda kimoja kimoja. Baadhi ya nyuso zilipofunuliwa zilikuwa na vishimo kama vyangu, na mama zao walipiga vigelegele vilevile, kwa nguvu zaidi.

Carlota aliangalia miguu yote. Akarudi kwa wa kwanza, akaangalia tena.

Mateus akaja akasimama mbele yake. Alipiga magoti, mjomba mtu, mbele ya watu. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akikiwaza siku ile akichora udongoni. Zeferino alikuwa tayari amezikwa nilipokwenda kumbembeleza. Alikubali sindano kwa ajili ya watoto wa wenzake.

Carlota hakulia mara moja. Alimtazama kaka yake kichwani, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei:

"Na chakula changu siku zote hizo alikula nani?"

Akauliza tena kwa Kimakonde. Kisha akapiga ukelele, na akina mama wengine watatu waliokuwa bado wanatafuta miguu wakajua.

Jumatano, 3 Septemba. Rahaleo

Bwana Elia ameniita na kufunga mlango. Amepata maelekezo kwa simu. Kijiji cha mfano hakiwezi kuwa na ndui siku tatu kabla ya sherehe. Ripoti isomeke tetekuwanga.

"Tetekuwanga haiui wavulana wanne, Bwana Elia."

"Inaweza. Mara chache."

"Nitazame usoni, uniambie hii ni tetekuwanga."

Akatazama dirishani. Nikamwambia ripoti ya shughuli ninaiandika mimi, na nitaandika ndui, wagonjwa kumi na watatu, vifo vinne. Wakitaka tetekuwanga waje waiandike wenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, "Andika. Ila jina langu usiliweke." Sijui kama huo ni ujasiri au woga. Labda ndiyo yote aliyonayo.

Jumamosi, 6 Septemba. Msimbati

Sherehe imefanyika. Turubai lilikuwepo, na kofia. Ng'ombe hakuwepo, Bwana Elia alinunua mbuzi kwa mshahara wake na kuleta mchele, akakabidhi kwa akina mama tangu jana.

Mgeni rasmi alisoma hotuba. Alipofika kwenye mia na tatu, alirudia ili tupige makofi. Halafu akataka mwananchi mmoja aliyefaidika na chanjo atoe shukrani. Mtu wa Dar akauliza nani anaongea Kiswahili vizuri, mtu mwingine asiyejua kitu akasema yule mpishi wa kampeni. Nilinyanyuka kuwazuia. Carlota alikuwa ameshasimama.

Alikuwa na kaniki ya msiba. Alifunua bega, akawaonyesha kovu la chanjo.

"Mimi nimechanjwa," alisema. "Nilikuja wa kwanza. Nimeambiwa na dada Felista kwamba sisi tuliovuka mto ndio tuliozidi kwenye hesabu yenu, mia ikapita, mkaona hakuna aliyebaki. Basi nimezidi mimi, na mwanangu amepungua. Ndizo shukrani zangu."

Mgeni rasmi alianza kupiga makofi kwa mazoea, akaona yuko peke yake, akashusha mikono.

Waliketi wakingoja chakula. Saa zilikwenda. Bwana Elia akanijia, jasho limevunja mkunjo wa suruali, akaniuliza chakula kiko wapi. Nikamwambia kamuulize mpishi. Tukaenda wote nyuma ya nyumba. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti, mzima, anatafuna. Mchele uko guniani. Mafiga ya Carlota ni baridi, na ya jirani yake ni baridi, na kila ua tuliochungulia akina mama wamekaa mikekani, mikono mapajani, wenyeji na wageni pamoja.

"Mama Zeferino," Bwana Elia alisema kwa upole wake wote, "wageni wana njaa."

"Mimi nimeshapika ya kutosha," alisema Carlota.

Wageni wameondoka saa tisa bila kula. Wakati wanapanda magari nilimpa mtu wa Dar bahasha ya ripoti mkononi, mbele ya watu, akaipokea.